Utepe wa Gavana

"Ni wewe umemla Gavana wangu!" Sista Chepngeno alipaza sauti juu ya ua wa michongoma, sare ya uuguzi mwilini. "Si ulisema mbele ya ploti nzima ati utamchinja?"

"Nilisema kwa hasira, bana!" Daktari Bethwel akajibu kutoka upande wake, mswaki mdomoni. "Mtu ametoka zamu, anataka kulala, na bata mzinga wako anahutubia kama yuko kwa kampeni. Lakini sijamgusa."

"Alikuwa na utepe wa jina mguuni, kama wa wagonjwa wangu. Nimeuandika mwenyewe. Nitaukuta tu kwa takataka zako!"

Ploti nzima, hapo Kitale, iliacha kufua ili isikie vizuri.

Shida ni kwamba wawili hao walifanya kazi wodi moja. Kuanzia asubuhi hiyo hawakusemezana. Daktari aliandika kwenye faili, akaenda zake. Sista aliandika chini yake, akaenda zake. Hakuna aliyesoma ya mwenzake.

Wa kuumia alikuwa mgonjwa wa kitanda cha nne, Mzee Nyongesa, muuza ndizi wa Kamukuywa, aliyeletwa alfajiri hiyohiyo mguu umevunjika. Pikipiki ilimshusha langoni ikaondoka na gunia lake kuelekea Kamukuywa bila kungoja hata asante. Alimwambia daktari ameanguka kutoka juu ya mparachichi. Daktari akaandika: mparachichi.

Sista alipomsafisha, alimchomoa miiba kumi na mmoja mapajani.

"Mparachichi gani huu wenye miiba, Mzee?"

"Ni wa kienyeji, sista."

Angemuuliza daktari. Lakini hawasemezani.

Jumatatu daktari alimdunga Mzee sindano ya maumivu, akaandika. Baada ya saa moja sista akaja, akamdunga ileile. Mzee Nyongesa alilala mpaka Jumanne mchana. Alipofungua macho, mkewe, Mama Agneta, alikuwa analia, na pasta ameshafungua Biblia.

Mzee akaelewa. Hawa wawili wasipoongea, yeye atarudi Kamukuywa ndani ya sanduku. Akajifanya mjumbe.

"Mwambie huyo daktari wako," sista alifoka, "mwandiko wake ni kama kuku amechakura!"

Daktari alipokuja, Mzee akatabasamu. "Sista anasema mwandiko wako ni wa watu wa akili nyingi. Anaomba umsomee, apate kujifunza."

"Amesema hivyo?" Daktari akakohoa. "Mwambie aache kwanza kunitangaza mtaani kama mwizi."

Jioni Mzee akamwambia sista, "Daktari anasema bila wewe wodi hii ingeshaanguka. Na huyo bata mzinga, sista, ndege mzito vile, mtu mmoja angemmaliza?"

Sista alienda zake akifikiria hilo.

Kesho yake daktari alisimama kando ya kitanda cha nne, akamsomea sista faili neno kwa neno. Sista akarudia dawa na kipimo kwa sauti, akadunga mara moja tu. Mzee Nyongesa alikaribia kupiga makofi. Baada ya wiki tatu walizunguka vitanda vyote pamoja, mpaka Metroni Wacera, mkuu wa wauguzi, akawachagua waende semina Bungoma, wawaeleze wenzao siri yao ni gani.

Wakati huo Mzee alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. "Mkipita kwetu, mje mle ndizi!" aliwaambia siku ile akiondoka, vile mtu husema akijua hawatakuja.

Walikuja. Jumamosi, wakitoka Bungoma, walishuka Kamukuywa kwenda kumkagua mguu.

"Hata kama ulimla," sista alisema wakiingia bomani, "mimi nimeshakusamehe."

"Sikumla, Chepngeno."

"Basi, yaishe."

Mzee Nyongesa alikuwa kivulini na wageni wa kanisa. Kuwaona tu, alisimama wima, akasahau magongo yake, akatokomea migombani akiruka kwa mguu mmoja.

Mama Agneta akatoka jikoni, harufu ya mchuzi ikimfuata, manyoya yamemganda mpaka viwikoni.

"Ni nyinyi! Mungu ni mwema! Leo tunashukuru kwa ajili ya mguu wa Mzee, na wa kushukuriwa wamefika!"

Akainama kwenye beseni, akainua mguu mkubwa wa ndege, uliokatwa gotini. Juu ya kucha ulining'inia utepe mweupe wa plastiki: GAVANA. KIUME. WODI YA NJE.

"Mzee aliniambia ni zawadi yenu nyinyi wawili, hata mkamwandika jina. Mbona mmesimama? Ingieni ndani tule!"