Sauti ya Tano

Sauti ya tano ndiyo iliyomwinua mpiga picha kitini.

Alikuwa peke yake mbele ya skrini, kama ilivyokuwa kawaida yake. Ng'ambo ya kioo, mama mmoja mshona sare za shule alikuwa amelala ndani ya tundu la mashine ya kupiga picha za ubongo, vipokea sauti masikioni, hatikisiki. Sauti nne za kwanza zilipita kichwani mwake kama wageni waliokosea mlango. Ilipoanza ya tano, picha ya ubongo wake ikawaka nyekundu, ikaendelea kuwaka mpaka sauti iliponyamaza.

"Makubwa haya!" mpiga picha akasema, japo hapakuwa na wa kumsikia.

Utafiti wenyewe haukuwa na makuu. Kila aliyejitolea alirekodiwa sauti ya mtu mmoja, yule anayengoja kumsikia kuliko wote duniani. Sauti hiyo ilichanganywa na nyingine saba za watu baki, halafu mashine ikatazama ubongo unafanya nini. Kurekodi kulifanyika chumba kingine. Mpiga picha hakuruhusiwa kuzisikia sauti hizo mpaka picha zihifadhiwe, asije akaona anachotaka kukiona.

Walishapita watu arobaini na mmoja. Wachumba, mapacha, bibi na mjukuu wake. Hakuna aliyewaka namna hii.

Yeye mwenyewe ndiye aliyelala humo wa kwanza, kuipima mashine. Siku hiyo alipitia majina yote ya simu yake mara mbili, akaishia kwa kaka yake. "Nani mwenzangu?" kaka aliuliza kwanza. Kisha akayasoma maneno aliyopewa mbio mbio, kama mtu anayesoma masharti nyuma ya tiketi. Picha ikatoka kijivu tupu. Daktari mtafiti alisema pengine mashine ilikuwa bado haijakaa sawa, na mpiga picha akamshukuru kimoyomoyo kwa uongo huo.

Sauti ya nane ilipokwisha, aliingia, akakivuta kitanda nje ya tundu, akampa mama mkono aketi.

"Pole, mama. Kelele zimekuchosha?"

"Cherehani zangu tatu zikishona pamoja zinaishinda hiyo yenu," mama akasema, akitafuta kiatu kwa mguu.

Mpiga picha alicheka. Kwa desturi hakuwauliza watu mambo yao, lakini siku hiyo swali lilimtoka lenyewe.

"Mama, huyo uliyemchagua, ni ndugu yako?"

"Wala. Ni mwanamke mmoja tu. Tunasikilizana kwa simu."

Mpiga picha alikumbuka. Asubuhi, kabla ya kuvua saa na hereni, mama aliomba apige simu kidogo. Aliiweka sikioni, akasikiliza, akatikisa kichwa taratibu, akaikata bila kusema neno. "Haya, tayari," alisema. "Nimeshamsikia."

"Huwa mnazungumza nini?"

"Namuulizia mwanangu. Yuko mbali, alikwenda kutafuta kazi. Huu mwaka wa nne."

"Na huyo mama anakujibu?"

"Kila siku. Asubuhi kabla sijafungua kazi, na jioni nikishafunga. Siku nyingine hata mchana, moyo ukinisumbua." Mama alinyoosha mikunjo ya gauni lake. "Ana adabu mno. Miaka yote hiyo hajanipandishia sauti hata mara moja. Watu huchoka, mwanangu. Majirani walichoka kuniuliza habari mwaka wa kwanza. Dada zangu wakachoka mwaka wa pili, wakaniambia nimwachie Mungu. Yeye hajawahi kuniambia nikate tamaa."

Mpiga picha alikifikiria chumba chake, sufuria moja, kijiko kimoja, na redio anayoiwasha akifika tu ili pasiwe kimya. Wivu ulimshika, wivu wa kweli, mtu mzima na akili zake, kwa ajili ya rafiki wa mshona sare.

"Una bahati, mama," akasema. "Ubongo wako umewaka mzima ulipomsikia. Wenye wake na waume zao hapa hawafiki nusu yako."

"Kweli?" Mama alimtazama, akaangalia chini. "Mimi nilidhani nimeshazoea."

Alimsindikiza mpaka korido. Pale kwenye ngazi akashindwa kujizuia. "Ukimpigia jioni, nisalimie. Mwambie kuna mtu hapa angependa kumjua."

Mama akatabasamu, akampapasa mkono kama anavyopapaswa mtoto aliyeuliza jambo lisilo na jibu.

"Yule hapokei salamu, baba. Yeye husema tu."

Akashuka ngazi polepole, mkoba kwapani, tayari anaitafuta simu ndani yake.

Mpiga picha alirudi kwenye skrini. Alizihifadhi picha, akahakikisha mara mbili, sasa ruhusa ilikuwepo. Kwenye karatasi ya sauti, mwenzake wa chumba cha kurekodi alikuwa ameandika: *Ya tano, kwa simu. Fupi, nimeirudia mara nne.* Ajabu, mtu apendwe hivyo kwa maneno machache hivyo. Labda ndivyo wapendwa walivyo, akawaza, hawana haja ya maneno mengi.

Alivaa vipokea sauti, akavuta kiti, akafumba macho ili asikie vizuri. Akabonyeza.

"Samahani," ikasema sauti ya mwanamke, laini na yenye subira. "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye."