Gogo Moja

Umati ulimnyooshea Fundi Chilumba shoka, asilipokee. Sanamu ile waliyotaka kuiangusha, ya gavana aliyembeba mtoto, aliichonga yeye, na gavana huyo huyo ndiye aliyeamuru nyumba zao zibomolewe juzi.

"Fundi, wewe ndiye unayejua itapasukia wapi," alihimiza Zamda, mama ntilie wa pale sokoni. "Tumalize kabla askari hawajafika."

"Hiyo ni mali ya serikali!" mlinzi alipiga kelele kwa mbali. "Mtafungwa!"

"Na nyumba zetu zilikuwa mali ya nani?" Zamda akamrudishia.

Chilumba aliutazama uso wa mtoto. Alikuwa amempa sura ya Somoe, bintiye, mwaka ule walipomzika. Hakumwambia mtu.

"Nipeni patasi," alisema. "Kwanza nimtoe mtoto."

"Huo ni mti tu, Fundi! Piga!" sauti ikatoka umatini.

Alipanda sanamuni na patasi. Lakini sanamu nzima ilikuwa gogo moja, bila kiungo, kama wachongaji wa kwao wanavyojivunia. Filimbi za askari zikasikika. Chini, watu walikwisha kufunga kamba, wanavuta. Chilumba akavipapasa vidole vya gavana mgongoni mwa mtoto, akitafuta pa kupitishia patasi. Vidole vile alivichonga mwenyewe, na alivichonga vishike.