Miwani ya Bi Nasiki

Siku ya kumuenzi Bi Nasiki, marehemu mkutubi wa mji, miwani yake ilifungiwa maktabani, kwenye kabati la kioo chini ya picha yake. Wageni wakapiga makofi, wakaondoka.

Kesho yake mzee Shebughe, fundi cherehani, alifungua gazeti, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, nipe miwani."

"Ipi, mzee?" aliuliza Mwajabu, mkutubi mpya.

"Ya Bi Nasiki. Wote tunasomea hiyo. Alikuwa akituazima, mwenyewe anakaa hapo haoni kitu mpaka tumalize."

"Ile ni kumbukumbu. Wamesema isiguswe."

"Basi mmemzika mara ya pili."

Mwajabu alitazama picha kwa muda, akachukua ufunguo.

Kufika adhuhuri wazee walikuwa wanapokezana miwani, wakibishana juu ya habari za gazeti. Chini ya picha, kabati lilikuwa wazi, tupu.