Ushuhuda wa Bosibori

Sabato hiyo, Bosibori alishika kipaza sauti kanisani Nyacheki ili atoe ushuhuda. Kwa miaka mingi, tembe za kutuliza mawazo alizoandikiwa hospitalini zilikuwa zimemtawala. Alipozipunguza hadi kuziacha, mikono ilimtetemeka hata kuchuma chai kukamshinda. Lakini wiki hiyo alikuwa amelala fofofo.

"Nimepona!" alitangaza.

"Amina!" waumini wakaitikia.

Mama mkwe wake, aliyeketi kando yake, akamvuta sketi. "Keti."

"Mama, niache nimshukuru Mungu."

"Zile tembe ulinipa nitupe chooni, sikuzitupa," mama alinong'ona. "Nitakuangalia aje ukiteseka? Nazisaga, nakuwekea kwa uji. Hata leo."

Hasira zilimpanda Bosibori, akataka kupiga mayowe. Akautazama mkono ulioshika kipaza sauti.

Ulikuwa umetulia tuli.