Brashi ya Mteja

Brashi ya kwanza mzee aliijaribu kwenye mkono wake mwenyewe, akakunja uso, akairudisha. Ya pili aliipitisha shingoni. Ya tatu, yenye meno ya waya yaliyopinda, ilimwachia michirizi ya kijivu kwenye ngozi, akaguna kwa heshima kama fundi aliyekutana na fundi mwenzake.

"Hii inachana au inahoji?" akauliza.

Binti wa duka la dawa za mifugo akacheka. Akaeleza kwamba hiyo ndiyo inayotoa manyoya ya ndani, yale laini kama sufi yanayozagaa nyumba nzima. Mzee akaiweka kando. Hayo hasa ndiyo yaliyomtoa nyumbani.

Alikuwa kinyozi kwa miaka arobaini, na mtaa mzima ulimwita Wembe. Mbwa wake aliitwa Mteja, kwa sababu siku moja aliingia saluni akiwa mdogo kama soksi, akapanda benchi la foleni, akangoja zamu yake mpaka leo. Wateja wengine wote walikwisha hamia kwa vijana wenye vioo vya taa. Saluni ikafungwa, mzee akahamia kwa mwanawe, na Mteja akahamia naye.

Jumatatu alikuwa amesikia kitu. Mkwe wake alikuwa jikoni, anaongea kwa sauti ya mtu aliyekwisha maliza kulia.

"Kochi limelowa tena. Mimi nimefika mwisho. Jumapili gari linakuja, na safari hii hatuahirishi."

Mwanawe akavuta kiti, akaketi. Mzee hakwenda kuuliza. Aliyeishi na nyembe anajua kwamba wembe ukiwa shingoni, kichwa hakitikisiki. Alijumlisha peke yake: manyoya kwenye zulia, harufu, na sasa kochi. Mteja amekwisha hukumiwa. Ilibaki rufaa, na rufaa ya kinyozi ni usafi.

Ndiyo maana alichagua vifaa kama anayechagua mchumba. Mashine ya kunyolea aliitamani kwa mazoea, lakini binti akamkataza: manyoya ya mbwa ni sweta na ni mwavuli, ukiyanyoa umemwacha uchi juani. Akachukua mkasi wenye ncha butu wa kupunguzia manyoya ya machoni, na kikata kucha, akiambiwa aguse ncha tu, kwa maana ndani ya ukucha mna nyama. Akaongeza chanuo la meno mapana. Mwisho akaishika tena ile brashi ya waya.

Binti akasita. "Babu, hii si ulichukua juzi?"

"Kinyozi hana kitana kimoja, binti yangu."

Binti akatabasamu kidogo, akamfungia.

Kurudi kulimchukua mchana mzima, maana manispaa ilikuwa imeanza tena ujinga wake wa kuzihamisha barabara. Bahati nzuri alikutana na fundi viatu, ambaye alisema naye anaelekea huko huko, akamfikisha mpaka getini. Mzee alimhurumia yule bwana. Mtu gani anaacha viatu vya watu kando ya njia na kuzurura?

Nyumbani, miwani yake ilikuwa kwenye friji. Mkwe huyo na kuweka vitu ovyo! Lakini mzee hakumsema. Si wakati wa kuongeza maadui.

Kazi ikaanza uani. Alimfunga Mteja taulo shingoni, akamuuliza anataka kiduku au ya kawaida, akachukulia ukimya kuwa ni ya kawaida. Alianza na chanuo, akafungua mafundo nyuma ya masikio moja moja bila kuvuta, kisha brashi, mpaka sufi ikajaa ndoo. Mikono yake, ambayo siku hizi ilibishana na vifungo vya shati, haikukosea hata mara moja. Mbwa alilala chali kama tajiri.

Ijumaa kochi likalowa tena.

Mzee alimkuta Mteja uani, anaota jua kama mtu asiye na kesi yoyote mahakamani. Akamkemea hivyo hivyo. Kisha akaingia ndani, akamkuta mkwe kapiga magoti na kitambaa, akamwambia asikate tamaa, kesho ni zamu ya masikio, hata manyoya yamepungua.

Mkwe hakuinua uso. "Baba," akasema, "shida si manyoya."

Ni adabu tu hiyo, mzee aliwaza. Mwanamke aliyelelewa vizuri hawezi kumtukana mbwa mbele ya mwenyewe.

Jumapili, gari jeupe likasimama getini. Mzee alikuwa amekwisha simama barazani, kamba mkono mmoja, mfuko wa vifaa mkono wa pili, na Mteja katikati anang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kama rufaa imeshindwa, basi angalau asiondoke kama jambazi.

Mwanamke mwenye sare akashuka, akasalimia. Mzee akamkabidhi maelekezo yote kabla hajaulizwa: chanuo kwanza, brashi baadaye. Kucha, ncha tu. Asinyolewe, hata kama joto ni kali. Na akilia mara ya kwanza, msimfokee. Hajazoea kulala kwa watu.

Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Akachuchumaa, akampapasa Mteja kichwani, akasema amependeza sana.

Mwanawe akatoka chumbani akiburuta sanduku, macho chini. Mzee akalitazama lile sanduku, akashangaa. Mbwa na sanduku wapi na wapi?

Mwanamke akaipokea kamba, akampa mkwe, kisha akamshika mzee kiwiko taratibu.

"Twende, babu," akasema. "Wazee wenzako wamekuwekea kiti cha dirishani."