Gari la Kwenda Kwao Ruzuna

Tangu asubuhi Kitwana alikuwa akiliandaa gari lao la zamani aina ya Pijo kwa safari ndefu ya kwenda kwao mkewe, kwenye harusi. Gari lilikuwa limelala bandani miaka mingi. Alibadilisha oili, akafunga betri mpya, akajaza matairi upepo. Ruzuna, mkewe, alikuwa akifuta vumbi vitini.

Mwishowe Kitwana akatoa mfukoni kifaa kidogo cheusi, akakipachika kwenye injini. Gari likawaka mara moja.

"Umekipata wapi hicho, Baba Hadia?"

"Nilikuwa nacho."

Ruzuna akasimama, tambara mkononi. "Mama alipokuwa mahututi uliniambia injini imekufa."

Kitwana akafunga boneti taratibu. "Nilikichomoa mimi. Tulikuwa tumegombana. Niliogopa ukiondoka na gari hutarudi."

"Nilingoja basi, Kitwana. Nilipofika nikakuta kaburi. Na bado nilirudi kwako."

Kitwana akaingia ndani kuchukua begi lake.

Alipotoka amevaa koti la safari, alikuta milango ya gari imefungwa kwa ndani. Ruzuna alikuwa kwenye usukani, akitazama barabara, mkono juu ya gia.