Uji Ulioonjwa

Sheria ilikataza mate ya mtu mzima kumfikia mtoto mdogo, maana kirusi kilichojificha humo huweza, miaka mingi baadaye, kuamsha ugonjwa unaokula mishipa ya fahamu. Lakini Bi Mkasi alionja uji wa mjukuu wake Nunu, aliyeanza tu kutembea, kwa kijiko cha mtoto, kama alivyolea wanawe wote. Siku arobaini tangu aonje zilipotimia, mtoto akapimwa.

“Sasa ningemwacha aungue?” alijitetea kwa mkwewe.

“Ungepima kwa kiganja, mama, si kwa ulimi,” Siwema alijibu, macho kwenye kipimo. Kikawaka kijani. Akashusha pumzi. “Yu salama.”

Bi Mkasi akacheka huku machozi yakimtoka, akanyoosha mikono ampakate mjukuu. Nunu akarudi nyuma, akajiziba mdomo. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.